Jino lililong'olewa lilikuwa la ukubwani. Nimwokoeje mdogo wake?

Shikamoo dokta,

Mimi ni mama wa watoto 3, nakaa Newala. Nimesoma sana majibu unayowapa wenzangu, leo nimefikiwa na zamu yangu.

Mwanangu wa kwanza ni binti wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita alikesha siku nne kwa ajili ya jino la chini, upande wa kulia. Tulimpa panadoli, tukamsukutulisha maji ya chumvi, bibi yake akamwekea karafuu. Siku ya tano shavu likavimba, nikampeleka kituoni, jino likang'olewa. Moyoni nilikuwa nimetulia kabisa, maana nilijua hilo ni jino la utoto, litaota lingine. Aliyemng'oa akaliweka kwenye pamba, akanionyesha, akasema: "Mama, hili ni la ukubwani. Hapa halioti tena." Nikaona lile jino lina mizizi mirefu kama ya mtu mzima. Nilikaa chini. Mahali pale mwanangu hajawahi kung'oka jino hata siku moja, sasa hilo la ukubwani lilitoka lini?

Hofu yangu yote imehamia kwa mdogo wake wa kiume, anayetimiza miaka 6 mwezi wa nane. Gego lake moja la chini, kushoto, lina tundu jeusi linaloweza kumeza punje ya mchele. Usiku halimsumbui, ila akila kitu kitamu au akinywa maji baridi anashika shavu. Nesi wa kliniki aliniambia kwamba wapo wataalamu wa meno wanaolivisha jino kama hilo kofia ya chuma bila kuling'oa, na kwamba magego mapya ya watoto huzibwa yangali mazima ili yasioze.

Niliposema hayo nyumbani, baba yao akauliza: jino lisilo na tundu linazibwa nini, kama si watu kutafuta hela? Na hilo bovu, kulifunika na uozo wake ndani si sawa na kufunga kidonda chenye usaha? Mama mkwe naye anasema jino la utoto halitibiwi, linasubiriwa lidondoke. Juzi nimemkuta anachoma maganda ya korosho apate mafuta ya kudondoshea kwenye lile tundu. Nilimwomba kwa heshima aache, lakini sikuwa na hoja ya kumpa.

Kitinda mimba wangu ana miezi 8. Wiki hii ana homa na anaharisha. Jirani amemfunua mdomo, akasema ana meno ya plastiki, na kijiji cha pili yupo fundi wa kuyatoa.

Na mwisho nikueleze ukweli wangu. Nauza barafu za ubuyu na visheti hapa nyumbani. Friji iko sebuleni, watoto wanafungua wakati wowote. Kiangazi maji tunanunua kwa dumu, kwa hiyo mswaki wa usiku mara nyingi tunauruka. Je, ni mimi niliyewaharibia wanangu meno?

Mama wa watatu, Newala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na umpe pole binti yetu.

Naanza na mdogo kabisa, maana huyo hawezi kungoja. Usimpeleke kwa fundi wa meno ya plastiki. Kile cheupe alichokiona jirani kwenye fizi ni chonge la mtoto mwenyewe, bado changa, linajiandaa kutoka. Mafundi hao hulichokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Mtoto anatokwa damu, anaweza kupata pepopunda au sumu ya damu, na jino la ukubwani linalojengeka chini yake linaumizwa kabla halijaona jua. Homa ile na kuharisha kule vina sababu nyingine, na baadhi ya sababu hizo huua mtoto haraka. Mpeleke zahanati leo hii akapimwe malaria, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki, na uendelee kumnyonyesha. Ukishamaliza hilo, rudi uendelee kusoma.

Sasa nikujibu lile lililokukalisha chini. Mtoto akikaribia miaka 6, huota magego manne ya ukubwani: mawili juu, mawili chini. Hayachukui nafasi ya jino lolote. Yanajitokeza nyuma kabisa, baada ya gego la mwisho la utoto, kwa hiyo hakuna jino linalolegea, hakuna damu, hakuna jino la kurusha juu ya paa. Mtoto mwenyewe huenda asiseme kitu. Mzazi anakuja kuliona siku limetoboka, na kwa kuwa mtoto bado ana meno ya utoto mdomoni, anadhani na hilo ni la utoto. Kazini kwangu huku Kusini nimewaona kina mama wengi wakikaa chini kama ulivyokaa wewe. Hukuzembea. Hakuna aliyekuambia.

Kesho asubuhi mtoe huyo wa kiume barazani kwenye mwanga, akilaze kichwa mapajani mwako kama anavyofanya dada yake ukimsuka. Nawa mikono, viringisha kitambaa safi kwenye kidole, ukaushe mate kwenye fizi ya chini, uwashe tochi ya simu. Anza kuhesabu kutoka katikati ya taya kwenda upande mmoja. La kwanza na la pili ni ya mbele, la tatu ni chonge, la nne na la tano ni magego ya utoto. Lile lenye tundu, kama ni la tano, ndilo la mwisho katika safu ya utoto. Sasa pitisha kidole nyuma yake. Pengine utakuta fizi tupu, imejaa na ni ngumu kidogo. Pengine utaona ncha mbili nyeupe zimechungulia, na kipande cha fizi bado kimelala juu yake kama shuka. Hilo ndilo gego la sita. Rudia upande wa pili, halafu juu. Yakishatokeza, una kazi ya kufanya, na muda wake si mrefu.

Gego hili huoza mapema kwa sababu uso wake wa juu, tunaotafunia, una mifereji. Wewe ni wa Newala, unavijua vinyago vya Wamakonde. Shika kinyago kilichokaa kabatini mwaka mzima, ukifute kwa kitambaa. Mgongo na mashavu yatang'aa, lakini vumbi la kwenye mikunjo ya patasi litabaki palepale. Gego ndivyo lilivyo, na mifereji yake mingine ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Ukiongeza kwamba gego linapotoka bado ni changa, halijakomaa ugumu wake, na limekaa chini ya usawa wa wenzake kiasi kwamba mswaki unalipita juu kwa juu, utaelewa kwa nini limewahi kuoza kwa dada yake.

Kuziba gego zima kunatokana na hilo. Si kutoboa, wala si sindano. Jino linasafishwa, linapakwa asidi nyepesi kwa nusu dakika hivi ili uso wake ukwaruzike kidogo, linaoshwa, linakaushwa kabisa, kisha unamiminwa utomvu mwembamba unaoingia kwenye ile mifereji. Wataalamu wanauita silanti. Unamulikwa kwa taa ya buluu, sekunde chache tu, unaganda. Ulimi ukipita pale hauoni tena mabonde, unaona uso laini, na mswaki una cha kufuta. Mbinu hii ya asidi iligunduliwa na Michael Buonocore huko Marekani mwaka 1955, kwa hiyo nesi wako hakukuletea kitu cha majaribio. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaeleza kwamba silanti huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka 2, na bado huzuia asilimia 50 hadi miaka 4. Adui yake ni mate. Jino likiloa kabla utomvu haujashika, kipande kitabanduka baada ya muda mfupi. Ndiyo maana mtaalamu mzuri wa meno utamwona anabadilisha pamba mara kwa mara na kumhimiza mtoto asifunge mdomo. Kila ukirudi kliniki ya meno, mwombe aikague na kuongeza palipomomonyoka.

Mtoto asipoweza kukaa na mdomo mkavu, au gego likiwa limetoka nusu, hutumika saruji nyingine inayoitwa glasi ayonoma. Inabandikwa na kukandamizwa kwa kidole. Haidumu kama silanti, hilo nakuambia mapema, lakini inavumilia unyevunyevu na inatoa kidogokidogo floraidi, madini yanayoimarisha jino. Inalilinda jino katika miezi ile ya hatari zaidi.

Sasa baba yao anauliza kwa nini uzibe kisicho na tundu. Mwambie hivi, kwa upole, maana ameuliza jambo la msingi. Mikorosho yenu mnaipulizia salfa lini? Hamngoji ubwiri unga utapakae kwenye maua yote ndipo mtafute bomba. Mnapulizia maua yanapoanza kuchanua, yangali mazuri, kwa sababu ua likishaungua halirudi kuwa ua. Na salfa hiyo mnainunua, hakuna anayesema muuzaji anatafuta hela za watu. Gego la sita linachanua mara moja tu katika maisha ya mtoto. Binti yenu lake moja limeshaungua.

Nije kwenye tundu jeusi na kofia ya chuma. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasiwasi wa mumeo hata baadhi ya madaktari walikuwa nao.

Uozo wa jino si usaha. Jino linaoza kwa sababu vijidudu vilivyomo kinywani vinakula sukari na kutoa asidi, asidi hiyo inamumunya jino. Vijidudu hivyo vinaishi kwa kulishwa kila siku na kile anachokula mtoto. Ukilifunika tundu lisipitishe kitu kabisa, umevifungia chakula. Vinafifia, uozo unasimama, na jino lenyewe lina uwezo wa kujenga ukuta wa ndani kujikinga. Jipu ni hali nyingine: pale vijidudu vimeshafika kwenye moyo wa jino, penye mshipa wa damu na wa fahamu, na usaha umetafuta njia ya kutokea. Jipu halifunikwi, na hapo mumeo yuko sahihi kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa ni kama mtoto anaamka usiku kwa maumivu yanayokuja bila kula kitu, kama ana kipele kwenye fizi kinachotoa usaha, kama shavu limewahi kuvimba. Umeniambia anaumwa akila vitamu na kwenye baridi tu. Hiyo ni dalili njema. Lakini anayepaswa kuamua ni atakayelitazama jino, na ikiwezekana kulipiga picha.

Njia ya kulivisha jino kofia bila sindano wala kulichimba ilitumiwa na daktari mmoja wa meno wa Scotland, Norna Hall, na inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya utafiti wa huko huko Scotland kwa watoto 132, kila mtoto akiwekewa kofia kwenye gego moja na kwenye lingine akizibwa kwa namna iliyozoeleka. Yaliyovishwa kofia yalipata maumivu na majipu machache zaidi, na wengi wa watoto na wazazi wenyewe waliipendelea kofia.

Nitakueleza inavyofanyika ili siku hiyo usishtuke. Kama gego limebanana na wenzake, safari ya kwanza mtaalamu huingiza kipete kidogo cha mpira katikati ya meno ili yaachane kidogo, na kinakaa siku 3 hadi 5. Safari ya pili anakitoa, anachagua kofia inayolingana na jino, anaijaza saruji ya glasi ayonoma, anaiweka juu ya gego na kumwambia mtoto aume kwa nguvu. Basi. Saruji iliyomwagika inafutwa, mtoto anaendelea kuuma pamba kwa dakika chache. Fizi inayozunguka huwa nyeupe kwa kubanwa, baadaye hurudi rangi yake. Kofia itabaki hapo mpaka jino la utoto lidondoke lenyewe, na litadondoka na kofia yake.

Chuma hicho ni kile kisichoshika kutu, hakimpi mtoto sumu. Jambo moja tu uwaambie mapema: kama mtoto huwashwa na kutoka vipele akivaa saa au vitu vya bei rahisi vya chuma, waeleze, kwa sababu kofia ina madini ya nikeli na wapo wachache wanaoyakataa. Kuhusu kuchekwa, gego la nyuma halionekani kirahisi. Na kwa uzoefu wangu watoto wa umri huo huwaita wenzao waje kuliona.

Huenda ukafika wakakuambia kofia hazipo. Usikubali kwamba kilichobaki ni koleo tu. Ipo njia ya kulikwangua tundu kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha kuliziba kwa ile glasi ayonoma. Na njia hiyo, mwanangu, ilianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, pale Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi, alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akitafuta namna ya kuwafikia watu wa vijijini. Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu mzima Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Inafaa zaidi tundu likiwa juu ya gego tu. Likiwa limekula ubavu unaogusana na jino jirani, kiraka hicho huvunjika mapema, na hapo ndipo kofia inapokizidi. Njia nyingine ni kupaka dawa yenye fedha na floraidi ndani yake: tone moja kwenye uozo, unasimama, ila sehemu iliyooza inabaki nyeusi tii. Kwenye gego la nyuma weusi huo si kitu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na glasi ayonoma na dawa ya mswaki yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021.

Mama mkwe wako mpe heshima yake, maana anamwonea uchungu mjukuu. Mkumbushe tu anachokijua kuliko mimi: mafuta ya ganda la korosho ndiyo yanayobabua mikono ya wanaobangua, hata wakijipaka majivu. Yakiingia mdomoni yatachoma fizi na ulimi vilevile, na uozo utabaki. Maji ya betri nayo nimeona watu wakiyatumia, matokeo ni mabaya zaidi. Karafuu haina ubaya kwa kutuliza usiku mmoja, ila haitibu. Kuhusu kusubiri lidondoke, mhesabie miaka. Gego la tano la utoto hudondoka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Huyu hajatimiza 6. Hiyo ni miaka isiyopungua 4, na hilo tundu haliwezi kukaa kimya muda wote huo. Tena gego hilo ndilo limeshika nafasi. Likitolewa sasa, lile la sita likitoka litateleza mbele kuziba pengo, na jino la ukubwani linalotakiwa kuota pale halitapata pa kupita. Meno mengi yaliyopandana yalianza hivyo.

Swali lako la mwisho ulilitanguliza kwa neno ukweli, nami nakujibu vivyo hivyo. Hukuwaharibia watoto wako kwa kuuza barafu. Barafu hizo zinawasomesha. Lililowaumiza ni kula muda wote. Kila mtoto anapoweka kitu chenye sukari mdomoni, asidi hupanda na meno huanza kumumunywa, na mate huhitaji nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, kuituliza. Barafu ya ubuyu inanyonywa taratibu, dakika ishirini nzima. Akimaliza hiyo, akachukua kisheti, baadaye kidogo kingine, mate hayapati nafasi ya kupumua. Visheti vitatu vikiliwa kwa pamoja baada ya chakula cha mchana vinadhuru kidogo kuliko kimoja kimoja mara tatu kutwa. Kwa hiyo biashara iendelee, ila weka saa: wa nyumbani wanapata barafu yao baada ya kula mchana, friji inafungwa. Nyakati nyingine wape muhogo, karanga, hizo korosho zenu, na maji.

Na hayo maji ya dumu yasikuvunje moyo. Mswaki hauhitaji kikombe kizima. Weka dawa kwenye mswaki mkavu, piga, mwambie mtoto ateme na aishie hapo, asisukutue. Ndivyo inavyotakiwa hata penye bomba, kwa sababu ukisukutua unaosha floraidi iliyokuja kulinda jino. Maji ya kuoshea mswaki wenyewe ni vijiko vitatu. Kama usiku na asubuhi haviwezekani vyote, usiku usiuache, kwani mtu akilala mate hupungua. Kwenye tyubu tafuta floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm, ndicho kipimo cha wingi wake. Huyo wa kiume mpe kiasi cha punje ya njegere. Kitinda mimba, jino lake la kwanza likitoka tu, mpake kiasi cha punje ya mchele. Wapo wanaoogopa floraidi kwa kuwa wamewaona watu wa Arusha au Singida wenye meno ya kahawia. Yale yanatokana na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi tangu utotoni, si punje ya njegere inayotemwa. Na umshikie mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8. Gego la sita linapochomoza, uingize mswaki kwa pembeni, kutokea shavuni, ili ushuke mpaka lilipo.

Binti usimsahau kwa sababu limeshatoka lililokuwa likimuuma. Bado anayo matatu ya aina ileile. Yatazamwe yote siku hiyohiyo, yaliyo mazima yazibwe mifereji. Akifika miaka 12 yatatoka mengine manne nyuma ya hayo, na yale nayo yazibwe. Kwa umri wake, gego linalofuata liko bado ndani ya taya, linaweza kusogea mbele likapunguza sehemu ya pengo. Mwombe daktari alifuatilie. Jino la bandia sasa halihitajiki.

Kabla hujapanda gari, tafuta simu ya kliniki ya meno. Kwa upande wenu waweza kuanza na hospitali ya wilaya hapo Newala, au Ndanda kwa njia ya Masasi, au ukashuka Mtwara mjini, Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Uliza kama kwa sasa wanazo kofia za magego ya utoto, kama wanaziba mifereji, ni shilingi ngapi, na bima yenu inalipia nini. Uliza pia kama watahitaji kuweka kile kipete cha mpira, maana hapo utajipanga kulala kwa ndugu siku chache badala ya kulipa nauli mara mbili. Uvimbe ukitokea shavuni au akipata homa kabla ya safari, usisubiri siku uliyopanga, ondoka siku ileile.

Mtoto ale ashibe asubuhi hiyo. Nyumbani msimtajie sindano wala koleo, hata kwa kumtuliza kwamba hazitakuwepo. Mwambie gego lake linaenda kuvishwa kofia, na kazi yake ni kuuma kwa nguvu atakapoambiwa. Akishaivaa, siku za mwanzo atalalamika kwamba meno ya upande wa pili hayakutani. Ni kweli hayakutani, kofia imenyanyua kidogo, na taya litajirekebisha lenyewe katika wiki chache. Siku hizo mpikie uji, wali laini, samaki wa mchuzi uliyemtoa miiba.